Fundi anayeushonea mlango godoro

Saa mbili asubuhi, fundi amepiga magoti juu ya godoro ambalo hakuna mtu atakayelilalia. Ni refu kumzidi yeye mwenyewe, na upana wake ni wa mlango. Sindano ndefu inazama kwenye kitambaa, inaibukia upande wa pili, naye anauvuta uzi mpaka unalia.

"Hilo umemshonea nani, mtu au ngazi?" anatania fundi viatu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akiwa amesimama kizingitini na kiatu cha mteja mkononi.

"La mlango," anajibu fundi bila kuinua kichwa.

"Kumbe na mlango nao umechoka kusimama!"

"Mlango unavuja, bwana. Maneno yanatoka nje."

Fundi viatu anacheka. Anaujua mlango wenyewe. Ni wa chumba cha daktari katika kliniki inayotibu matatizo ya uzazi na ya tendo la ndoa, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka hapa. Ni mbao nyepesi, na benchi la wagonjwa limewekwa hapo hapo nje. Leo mchana fundi ataubandika godoro hilo, na hatodai chochote.

Mtaani wanamwita Pamba. Ana miaka hamsini na minane, lakini nyusi zake zimekuwa nyeupe tangu akiwa na thelathini, kwa nyuzi za pamba zinazonasa hapo na haziondoki hata kwa sabuni. Karakana yake ni chumba kimoja: cherehani ya miguu, magunia ya pamba na sufi, vipande vya sponji, na ukutani kibao chenye sindano saba. Kila anapofunga kazi huzihesabu. Zikiwa sita, hafungi.

"Sindano ikibaki ndani ya godoro, umeua," anasema. "Ndiyo maana ikianguka siingoji hata ifike chini vizuri. Nimeshainama."

Tabia hiyo ndiyo iliyomwokoa. Lakini kwanza ilibidi adanganye.

Miaka mitatu na ushee iliyopita, Pamba aligundua kwamba mwili wake umeanza kumkataa kitandani. Mara ya kwanza alisingizia uchovu. Mara ya pili alisingizia joto. Ilipofika mwezi wa tatu hakubaki na cha kusingizia, akaamua kwenda zahanati.

"Njia nzima nilikuwa nayarudiarudia maneno, kama mtoto aliyetumwa dukani," anakumbuka. "Nitasema hivi, halafu hivi. Nafika, nakuta daktari ni binti, umri wa kitinda mimba wangu. Mlango uko wazi. Nyuma yangu foleni, na katika foleni nani? Mke wa fundi viatu!"

Daktari akamuuliza kwa adabu, "Unasumbuliwa na nini, baba?"

"Mdomo wangu ukasema: mgongo."

Anaacha kushona kidogo, anatikisa kichwa na kucheka peke yake.

Neno moja hilo likamvalisha mkanda. Alipigwa picha ya mgongo, akapewa vidonge vya maumivu, akakatazwa kunyanyua vitu vizito. Akaambiwa avae mkanda mpana wa kubana kiuno na alale mahali pagumu pasipobonyea. Ushauri huo wa mwisho aliupokea kwa mikono miwili. Jioni ile ile alitandika mkeka sakafuni, pembeni ya kitanda. Sasa alikuwa na sababu ya kulala mbali na mkewe, tena sababu yenye muhuri.

Alilala pale chini mwaka mmoja na miezi minne.

Kazini mambo yakaharibika. Wateja wakimwona na mkanda hucheka kwanza, kisha huondoka. Godoro ni kitu cha mgongo. Nani atanunua kwa fundi ambaye wa kwake umemshinda? Kutoka magodoro sita kwa wiki akashuka hadi mawili, na kuna wiki alishona mto mmoja tu.

Wateja waliomuumiza zaidi hawakuwa hao waliocheka. Walikuwa maharusi. Huja wawili wawili, wanabonyeza godoro kwa viganja, wanatazamana, mmoja anauliza kwa sauti ndogo, "Fundi, hili litahimili?" Zamani alikuwa na jibu la kuwachekesha. Siku hizo akawa anajibu tu, "Litahimili," halafu anageukia ukutani kutafuta uzi asioutaka.

Fundi viatu, kwa nia njema, akamletea unga ndani ya chupa isiyo na karatasi. Hakuambiwa ugonjwa, aliusoma mwenyewe usoni mwa jirani yake. "Kijiko kimoja tu, utanishukuru," alimwambia.

Pamba alikunywa kijiko kimoja. Moyo ukaanza kumdunda mpaka akaushika mguu wa cherehani, uso ukawaka moto, kichwa kikataka kupasuka. Kule kulikokusudiwa hakuna kilichotokea.

"Nikarudi kwake nikamwambia, rafiki, unga wako umekosea njia," anasema. Fundi viatu, aliyekuwa bado kizingitini, anainamisha kichwa na kuukagua uzi wa kiatu kwa makini sana.

Nyumbani, mkewe alikuwa anayahesabu mengine. Ni mpishi wa shule ya chekechea, mwanamke wa maneno machache na vicheko vingi. Tangu siku ya ndoa yao, miaka thelathini na moja sasa, mumewe alikuwa akimwita Bibi Harusi. Mbele ya watoto, mbele ya wakwe, sokoni, popote. Watoto wamekua wakidhani ndilo jina lake.

"Siku moja nikatambua sijaitwa," anasema mkewe. "Nikasema labda kasahau. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Ananiita 'mama'. Mama! Mimi ni mama yake?"

Akajua ameachwa, ila hajaambiwa. Binti yao mkubwa alipojifungua, akatangaza kwamba atakwenda kumlea mzazi na mtoto kwa miezi mitatu. Pamba hakupinga. Lakini siku ya Jumanne, akitafuta taulo, aliufungua mfuko wa safari na kukuta ndani yake sufuria tatu, zile alizokuja nazo mkewe siku ya harusi.

"Mtu anayekwenda kumshika mjukuu miezi mitatu habebi sufuria," anasema Pamba. Sauti yake inashuka. "Nikajua huyu harudi. Na safari ilikuwa Jumamosi."

Alizirudisha sufuria mfukoni kama alivyozikuta, akaenda kazini. Siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, akaja mteja asiyecheka mkanda.

Alikuwa muuguzi mkuu wa kliniki ile, mama wa makamo anayekaribia kustaafu, ambaye kila mtu humwita Sista. Alileta magodoro matatu membamba ya vitanda vya kupimia wagonjwa ili yavalishwe upya. Alikuwa na muda, akaketi juu ya gunia la sufi kusubiri.

Joto lilikuwa kali. Pamba akafungua mkanda, akautundika. Akaanza kushona. Mara sindano ikamponyoka, na kabla haijatulia chini yeye alikuwa ameshainama, magoti yamenyooka, vidole sakafuni, akainuka na sindano mdomoni kana kwamba ana miaka ishirini.

Sista akamtazama. Akautazama mkanda ukutani.

"Baba," akasema, "mgongo huo huuma siku gani na siku gani?"

Pamba akanyanyua dumu la maji la lita tano, akanywa. Lilikuwa limebaki robo, na alilijaza asubuhi. Katika saa moja aliyokaa, Sista alikuwa amemwona akienda msalani mara tatu.

"Maji hayo unayamaliza peke yako?"

"Kazi ya pamba inakausha koo, Sista."

"Na mkojo, ni wa pamba pia?" Akasogea karibu, akashusha sauti. "Na mambo ya chumbani yakoje?"

"Hapo," Pamba anasema leo, akiichoma sindano kwenye kitambaa, "hapo akawa ameufungua mlango ambao mimi nilikuwa nimeubana kwa mwili mzima."

Alimwambia yote, akiwa anashona, bila kumtazama usoni. Zahanati, foleni, mgongo, mkeka, unga wa chupa, sufuria. Fundi viatu hakuwapo siku hiyo. Kama angekuwapo, anasema, huenda mpaka leo angekuwa amevaa mkanda. Sista alisikiliza bila kuguna. Mwisho akasimama, akajipangusa sufi kwenye sketi.

"Njoo kesho asubuhi kabla hujala kitu. Mapokezini sema nimekuita mimi, inatosha. Na tafadhali, usiniletee mgongo."

Kipimo cha sukari kilisoma kumi na tisa. Kwa mtu aliyeamka bila kula, hata saba ni nyingi.

Daktari wa kliniki ile, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya chini, alimchorea kwenye karatasi. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ile ya fahamu, na mara nyingi huanza na ile membamba. Kule kwenye uume mishipa ni membamba, kwa hiyo hitilafu huweza kuonekana huko mapema, kabla ya moyo, macho, figo au miguu kulalamika. Alimweleza pia kwamba si kila mwanamume mwenye tatizo hilo ana kisukari. Wengine ni presha, wengine ni moyo, wengine ni dawa wanazotumia, pombe, sigara, msongo wa mawazo, au mchanganyiko wa hayo. Ndiyo maana hupimwa kwanza.

"Mwili ulikuwa unakupigia kengele," alimwambia. "Wewe ukaifunga kengele mkanda."

Pamba anasema aliposikia hivyo alitaka kulia, na haikuwa huzuni. Mwaka mzima alikuwa ameamini kwamba uanaume wake umekwisha tu, kama mafuta yanavyokwisha kwenye taa. Sasa anaambiwa ni ugonjwa, una jina, una dawa. "Nilishukuru kuumwa," anasema. "Hebu fikiria, mtu anashukuru kuumwa!"

Lakini ilikuwa Jumatano, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Daktari akataka Ijumaa aje na mkewe.

Namna alivyomwalika mkewe anaieleza mwenyewe, tena kwa aibu: alisimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, akasema, "Sina mwanamke mwingine. Naumwa. Twende kesho kutwa ukasikie mwenyewe."

"Nilikuwa namenya vitunguu," anasema mkewe. "Nikafurahi, maana nililia na hakuna aliyeniuliza kwa nini."

Siku ya Ijumaa daktari alieleza tena, na mchoro ule ule. Mkewe akasikiliza, mkoba mapajani. Kisha daktari akamgeukia.

"Na wewe, mama? Upande wako hakuna tatizo?"

"Mimi sijaulizwa," akajibu.

"Leo umeulizwa."

Sista akaenda kuufunga mlango vizuri, kwa maana nje benchi lilikuwa limejaa na mlango, kama tulivyosema, ni mbao nyepesi. Ndipo mkewe akasema, polepole, akiutazama mkoba. Tangu hedhi yake ilipokatika, tendo la ndoa lilikuwa limegeuka maumivu. Kama ngozi iliyoungua inaguswa. Alikuwa anauma meno na kunyamaza, kwa sababu aliona ndivyo uzee ulivyo na mume asije akaumia moyo. Mumewe alipohamia sakafuni, wiki ya kwanza alilala usingizi wa mtoto kwa raha. Ya pili akaanza kujiuliza. Ya tatu akajua: ameona simfurahii, amekwenda kwa anayemfurahia.

"Mimi nimekaa pale mdomo wazi," anasema Pamba. "Chumba kimoja, watu wawili, kila mmoja anamficha mwenzake ugonjwa! Nikamwambia, we mwanamke, kumbe ule mkeka tuliutandika wote?"

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka Sista akamletea maji, na Pamba naye akacheka, na daktari akavua miwani kuifuta.

Sista alimpima mama huyo nyuma ya pazia, ili kuhakikisha si maambukizi wala ugonjwa mwingine. Kisha akamweleza: hedhi ikikoma homoni hupungua, ngozi ya ukeni hukauka na kuwa nyembamba, na ndipo maumivu huanza. Ni jambo la wanawake wengi, wachache hulisema. Alimwandikia krimu maalumu, akamwelekeza vilainishi vilivyo salama, akamwambia neno ambalo mama huyo analirudia mpaka leo kwa wenzake wa jikoni: "Kuvumilia maumivu si sehemu ya ndoa."

Jumamosi mkewe alisafiri. Mjukuu alikuwa amezaliwa, hilo halikuwa la kufuta. Pamba alimsindikiza, akambebea mfuko, akauona mwepesi. Aliporudi nyumbani alizikuta sufuria tatu zimepangwa rafuni, zimesuguliwa zinang'aa.

"Nilivuta kigoda nikakaa nazitazama," anasema. "Saa nzima. Mtu angeniona angesema huyu fundi kichaa, anaangalia sufuria kama sinema."

Mkewe alirudi baada ya wiki tatu, si miezi mitatu.

Kupona hakukuja kwa siku moja, na Pamba hataki mtu adanganyike. Alianza na sukari. Chai aliyokuwa akiitia vijiko vinne akaizoea kavu, "inafanana na maji ya kuoshea chungu, lakini unaizoea." Akaanza kwenda kazini kwa miguu. Akameza vidonge vya kisukari kila siku, na bado anavimeza. Baada ya miezi minne sukari ilikuwa imeshuka hadi sita, suruali zikamlegea, dumu la maji likawa linamaliza siku mbili.

Kuhusu tatizo lenyewe, daktari alimpima presha na kumuuliza kama anatumia dawa zozote za maumivu ya kifua, kwa sababu zikikutana na vidonge vya kusaidia nguvu zinaweza kuishusha presha mpaka mtu akafa. Alipojiridhisha ndipo akamwandikia vidonge hivyo. Unga wa chupa ulikwenda chooni. "Hakuna ajuaye mle ndani mna nini," Sista alimwambia, "hata aliyekuuzia."

Mara ya kwanza kidonge hakikufanya kitu.

"Nilimeza nikakaa kitandani nakisubiri, kama mtu anayesubiri maji yachemke," anasema Pamba.

"Amekaza macho ukutani!" mkewe anaongeza. "Nikamwambia, mzee, hebu njoo tuongee kwanza. Hayo maji yatachemka yenyewe."

Sista alipoelezwa alisema mpishi amemwahi daktari. Kidonge husaidia damu tu. Mapenzi na utulivu lazima viletwe na watu wenyewe. Waliambiwa wasiharakishe, wawe karibu hata siku zisizo na lolote, na waambiane mapema kinachouma na kisichouma. Kuna siku inakubali na siku haikubali. Siku ambayo haikubali, hakuna anayehamia sakafuni.

Yapata mwaka na nusu umepita tangu sindano ile ianguke. Magodoro yamerudi kuwa sita kwa wiki, wiki mbaya matano. Mkanda wa kiuno haukutupwa: ni imara, una vifungo vizuri, na Pamba huutumia kufungia magodoro yaliyokunjwa anapoyapeleka kwa wateja. Na maharusi wakiuliza kama litahimili, anawajibu, "Godoro nalijua. Nyinyi je, mmepima afya?"

Wanaume nao wanamjia. Hujifanya wanauliza bei ya mto, hupapasa sponji, hukohoa. Yeye huinama kwenye kazi ili wasilazimike kumtazama, maana anakumbuka alivyosema mwenyewe. Sista anasema tangu hapo wanaume ishirini na wawili wamefika mapokezini na kusema wametumwa na fundi wa magodoro. Wachache wamekuja na wake zao. Saba waligundulika wana kisukari au presha bila kujua.

Asubuhi hii, godoro la mlango likiwa linakaribia kwisha, fundi viatu bado yuko kizingitini. Kiatu ameshakirekebisha zamani.

"Eti yule Sista," anasema, akitazama barabarani, "huwa anapatikana siku zipi? Kuna rafiki yangu anauliza."

Pamba anakata uzi kwa meno. Hacheki.

"Siku zote, ila Jumapili. Mwambie rafiki yako aende kabla hajala."

"Nitamwambia."

"Na asiseme mgongo."

Saa nane mchana godoro linafika kliniki limefungwa kwa mkanda. Mke wa Pamba ametoka kazini moja kwa moja, aproni bado iko kiunoni, ameshika kopo la misumari. Pamba anapigilia pembe kwa pembe, anashindilia pamba ukingoni ambako mwanga ulikuwa unapenya, anapapasa kwa kiganja kutafuta uwazi. Kitambaa ni cha rangi ya majani mabichi. Mkewe ndiye aliyekichagua.

Sindano anazihesabu hapo hapo. Saba.

Mipango yake ni milango mitatu zaidi. Wa kwanza ni wa zahanati ile aliyosemea mgongo. Tayari amezungumza na yule daktari binti, ambaye alimkumbuka na kumuuliza kwa upole hali ya kiuno. "Nikamwambia ukweli. Alishika mdomo! Akasema, baba, niletee hilo godoro hata kesho." Pamba ananyoosha mgongo, ambao haujawahi kumuuma maisha yake yote. "Mimi sina shule ya kumtibu mtu. Lakini najua kuziba mahali. Mgonjwa akijua maneno yake hayatoki, atayasema."

Sista anataka ujaribiwe kwanza. Mkewe anaingia ndani, mlango unafungwa kwa mlio laini kama mto unaowekwa kitandani. Pamba anaketi benchini, mahali pa wagonjwa, anaegemeza sikio.

Anasubiri. Anasubiri tena.

Mlango unafunguliwa, mkewe anatoka akiwa ameubana mdomo kwa kicheko.

"Umesema nini?" anauliza Pamba.

"Umesikia?"

"Sijasikia hata herufi."

"Basi limekaa vizuri."

"Lakini ulisema nini, Bibi Harusi?"

"Ungetaka kusikia, usingeuziba mlango," anajibu mkewe, na kumkabidhi nyundo.